Kombe bila lebo si sampuli: maelezo kwa wanaotuletea viumbe wa baharini hapa Dodoma

Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, Julai 2024, bahari imetusogelea. Mtu anaondoka hapa alfajiri, mchana yuko ufukweni na familia, kesho yake amerudi kazini. Ni jambo jema. Kinachotupa shughuli sisi wa maabara ni kile anachorudi nacho: viti vya pweza (wale wanyama wa umbo la nyota) vilivyokaushwa, vipande vya matumbawe, makombe ya konokono, na mara mojamoja jongoo bahari mkavu. Vinaletwa kwenye ndoo ya rangi au mfuko wa sokoni, na maswali ni yale yale: hiki ni nini, kinauzwa shilingi ngapi, na kwa nini mnasema ni kosa kukibeba?

Nayajibu hapa kwa pamoja, maana kumjibu mmoja mmoja kumetushinda. Nitangulize kwamba makala haya ni ya elimu kwa umma. Hayachukui nafasi ya sheria, na mwenye shauri lililofika kituoni au mahakamani amwone mwanasheria, asije na nakala ya makala haya.

La bei tulimalize hapa hapa. Hatuthamini mali. Hatununui, hatuunganishi mtu na mnunuzi, na hatuandiki barua ya kuthibitisha kwamba kombe fulani ni adimu.

Sasa, ni nini. Wanyama wasio na uti wa mgongo ndio sehemu kubwa mno ya wanyama wote wa baharini. Spishi za baharini zilizokwisha kupewa majina ya kisayansi na kukubalika ni zaidi ya 240,000, na samaki, nyangumi na kasa ukiwaweka pamoja ni sehemu ndogo tu ya hesabu hiyo. Wengi wa waliobaki ni pweza, ngisi, kaa, kamba, chaza, sifongo, yavuyavu, minyoo ya kila namna na ndugu zao. Jamii nzima ya kiti cha pweza na jongoo bahari, yenye spishi hai karibu 7,000, haina hata spishi moja inayoishi kwenye maji baridi wala nchi kavu. Kwa hiyo yule aliyetupigia simu kwamba ameona kiti cha pweza bwawa la Hombolo, tunamshukuru kwa moyo wake, lakini hakukiona.

Matumbawe si mawe. Hili tunalisema kila mwaka, na kila mwaka linaletwa bonge jingine kwa ajili ya kupamba kona ya sayansi ya shule. Bonge la matumbawe ni mifupa ya chokaa iliyojengwa na maelfu ya wanyama wadogo laini, polipu, wanaoishi kwa kushirikiana na mwani ulio ndani ya miili yao. Aina ya Porites, ile ya mabonge ya mviringo, hukua takribani sentimita moja kwa mwaka. Bonge la ukubwa wa mpira wa miguu limechukua kama miaka kumi kufika hapo, na mtu huling'oa kwa mtaimbo kwa dakika chache. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe ya pwani yetu, Mafia yakiwemo, yalipauka na mengi yakafa. Walionusurika na watoto wao ndio tunaowasoma leo kujua wepi wanavumilia joto. Huwezi kumsoma aliye juu ya kabati la televisheni.

Wengine huuliza kwa nini chuo au ofisi iliyo kilomita mamia kutoka pwani ijishughulishe na haya. Swali ni halali, ila mara nyingi linaulizwa kama tuhuma. Jibu fupi ni kwamba vinasaba havijali umbali, na sampuli ikishahifadhiwa vizuri inasomeka popote penye maabara. Jibu refu ni kwamba historia ya wanyama hawa ndiyo historia ya wanyama wote. Makundi makuu karibu yote ya wanyama yalianzia baharini, na mengi yanaonekana wazi kwenye mabaki ya enzi ya Kambria, iliyoanza miaka milioni 539 hivi iliyopita. Hata sisi tumo. Kiti cha pweza, asiye na kichwa wala ubongo, ni jamaa wa karibu zaidi na binadamu kuliko nzige au kaa alivyo. Ushahidi mmojawapo uko kwenye kiinitete, yaani mtoto anapoanza tu kuumbika: kwake na kwetu, tundu la kwanza kufunguka huishia kuwa njia ya haja kubwa, na mdomo huja baadaye. Wanafunzi hucheka hapo, nasi tunawaacha wacheke kwanza.

Kuna jambo linalotupotezea muda kuliko yote, nalo ni mawe. Mwananchi anapasua jiwe Ntyuka au Mlimwa, anaona mchoro kama wa kombe, anatuletea akiamini Dodoma ilikuwa bahari. Wengine hutaja chumvi ya bonde la Bahi kama ushahidi. Miamba ya vilima vya hapa ni ya granaiti, ina umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili, kabla mnyama yeyote hajakuwepo duniani. Granaiti ni tope la moto lililopoa chini ya ardhi. Hata wanyama wangekuwepo, wasingehifadhika humo. Chumvi ya Bahi inatokana na maji ya mvua yanayoingia bondeni yasipate pa kutokea, yanakauka na kuacha madini. Makombe meupe yanayookotwa kule ni ya konokono wa maji baridi na wa nchi kavu. Anayetaka mabaki ya kale ya viumbe wa baharini nchini mwetu aende kusini mwa pwani: kule Tendaguru, Lindi, panapojulikana kwa mijusi wakubwa, kuna matabaka yaliyojaa makombe ya baharini ya enzi ya Jura. Mapango ya Amboni, Tanga, nayo yamechimbika kwenye chokaa ya enzi hiyo hiyo. Na mabaki hayo yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kwa hiyo nayo si ya kubeba.

Hapo tusiwacheke sana wananchi, kwa sababu wataalamu nao waliwahi kunaswa na sura ya kombe, tena kwa jambo kubwa zaidi. Mwishoni mwa karne ya 19 Ulaya ilipata makombe kutoka Ziwa Tanganyika: mazito, yenye miiba na mikunjo, utadhani yameokotwa ufukweni. Tiphobia, mmojawapo wa konokono hao, ana miiba ambayo konokono wa maji baridi kwa kawaida hana. Ziwa hilo hilo lina yavuyavu wadogo, wanyama ambao kwa kawaida ni wa baharini. Mwingereza J. E. S. Moore alifunga safari mbili kwenda kuchunguza, na mwaka 1903 akachapisha kitabu kizima akitetea kwamba ziwa hilo ni kipande cha bahari ya kale kilichobaki ndani ya bara. Hoja yake ilipendeza, lakini haikuwa kweli. Jiolojia inaonyesha ziwa lilitokana na bonde la ufa, miaka milioni 9 hadi 12 iliyopita, na halikuwahi kuungana na bahari. Vinasaba vinaonyesha konokono wale ni jamaa wa konokono wa mito ya Afrika. Ukuta mnene wa kombe unaelezeka kwa njia nyingine: kaa wa ziwa lile wana magando yenye nguvu ya kuvunja makombe, konokono wenye ukuta mnene ndio waliosalimika wakazaa, na kaa nao wakazidi nguvu. Baharini mvutano huo huo ulizaa maumbo yale yale. Umbo la nje, basi, halitoshi kukuambia mnyama katoka wapi na ni wa ukoo gani.

Ndiyo maana nikaandika kichwa cha habari nilichoandika. Kombe likifika kwetu bila kujulikana lilitoka mwamba gani, kina gani, tarehe gani, halina kazi katika utafiti. Litafundishia darasani, basi. Anayetaka kukusanya kwa ajili ya sayansi ajue kazi yenyewe ilivyo. Huchukui mnyama mzima kama si lazima: kipande cha nyama cha ukubwa wa punje ya mchele kinatosha vinasaba. Kinaingia kwenye kichupa chenye ethanoli ya asilimia 95. Lebo inaandikwa kwa penseli, kwenye karatasi ngumu, na inaingia ndani ya kichupa pamoja na sampuli. Kalamu ya wino hapana. Ethanoli inayeyusha wino, na nimewahi kupokea boksi la vichupa vyenye maji ya bluu na karatasi nyeupe. Fomalini, dawa ya kuhifadhia miili, nayo waachieni wenye shughuli zake, kwa kuwa inaharibu vinasaba, na ikiwa na asidi inakula vipande vya chokaa vilivyo kwenye ngozi ya jongoo bahari.

Vipande hivyo vinastahili neno zaidi. Majongoo wawili wanaweza kufanana kwa rangi na urefu, lakini ndani ya ngozi kila spishi ina vijiwe vyake visivyoonekana kwa macho, vingine vya umbo la kifungo cha shati, vingine kama meza ndogo yenye miguu. Unakata ngozi kidogo, unadondoshea tone la dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, nyama inayeyuka, vijiwe vinabaki. Unaviosha kwa maji na kuvitazama kwa hadubini. Inafanya kazi hata kwa jongoo aliyechemshwa na kukaushwa. Wanaodhani mzigo ukishakauka hautambuliki wamejibiwa.

Sasa utaratibu, na hapa naomba msome kwa makini kwa sababu ndipo malalamiko yanapotoka.

Mwanafunzi wa Kitanzania anaanza na barua ya kibali cha utafiti kutoka chuoni kwake. Barua inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa husika, inashuka wilayani, kisha kwa ofisa uvuvi na uongozi wa kijiji pamoja na BMU, kikundi cha wananchi cha kusimamia rasilimali za uvuvi, cha eneo hilo. Usiruke ngazi hata kama mwenyekiti wa BMU ni mjomba wako. Eneo likiwa ndani ya hifadhi, kama Mafia iliyotangazwa 1995, Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ya 2000, au Hifadhi ya Silikanti (samaki wa ukoo wa kale sana) Tanga ya 2009, unahitaji pia idhini ya taasisi ya Hifadhi za Bahari, chini ya Sheria Na. 29 ya 1994. Ukivuka kwenda Zanzibar, kule wana utaratibu wao wa vibali. Cha Bara hakikutoshi. Mtafiti wa kigeni anapitia COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, awe na mshirika wa ndani na kibali cha ukaazi cha daraja C. Sampuli ikitoka nje ya nchi kuna mkataba wa uhamishaji wa sampuli, na kama spishi iko kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, kuna kibali cha CITES. Matumbawe yote magumu yamo, chaza wakubwa wa jamii ya Tridacna wamo, na baadhi ya majongoo bahari wameongezwa miaka ya karibuni. Kuja Jumatatu kwa safari ya Jumatano si dharura ya ofisi yetu.

Anayekusanya bila kibali anagusa Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 na Kanuni zake za 2009, na pengine sheria ya hifadhi juu yake. Vitu vinachukuliwa na kuwa vielelezo. Kosa linaweza kufifilishwa, maana yake unakiri kwa maandishi na kulipa. Ukikataa, au kosa likiwa zito, ni mahakamani, na huko kuna faini, kifungo au vyote viwili. Kiasi kinategemea kifungu ulichoshtakiwa nacho, kwa hiyo mtu akikutajia faini kwa mdomo barabarani, mwombe namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali. Asipokuwa nayo, usilipe.

Utetezi wa kwamba "nilikuta kimekufa" haukusaidii. Viti vya pweza vinavyouzwa vikiwa vimenyooka vizuri vilikusanywa vikiwa hai na kuanikwa. Kombe tupu nalo lina wapangaji: kuna kaa wasio na gamba tumboni, wanaohama kombe hadi kombe kadiri wanavyokua. Wapo pia wanaotukumbusha kwamba misafara ya karne ya 19 ilipita Mpwapwa na Ugogo na makombe, na kwamba watemi wa Kinyamwezi walivaa kibangwa, pambo la cheo lililokatwa kwenye kombe la baharini. Ni kweli, na mwenye kibangwa cha babu yake akitunze.

Kibangwa hicho kilitoka kwa konokono wa jenasi ya Conus, mwenye kombe la umbo la koni na michoro ya kuvutia, na huyu akiwa hai msimshike kabisa. Ana jino kama mkuki linalochoma na kuingiza sumu. Conus geographus, anayepatikana hadi pwani yetu, amewahi kuua watu, na sumu yake haina dawa ya kuizuia. Kutoka kwa jamaa yake, Conus magus, ilipatikana dawa ya maumivu makali, ziconotide, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004. Mzazi, mtoto akichomwa usikate jeraha wala kufunga kamba ya kukaza. Mtulize, msimshughulishe kwa kutembea, mkimbizeni hospitali, kwa kuwa tatizo ni kupooza kwa misuli ya kupumulia.

Kwa mwenye simu, kuna njia isiyohitaji kubeba kitu. Mpige picha kiumbe pale alipo, bila kumgeuza: moja kutoka juu, moja ya ubavuni, moja inayoonyesha mazingira, na sarafu pembeni ili ukubwa ujulikane. Washa kihisi cha mahali ili simu iandike eneo na saa. Zipandishe kwenye iNaturalist, programu ya kuweka kumbukumbu za viumbe, au zitume kwa ofisa uvuvi wa wilaya. Picha ya namna hiyo ina mahali, tarehe na mnyama aliye hai, na sisi tunaipokea siku yoyote ya juma. Ndoo tunapokea Jumatatu hadi Ijumaa, kwa kujaza fomu.