Je, wajua kwa nini kuajiri mhudumu hakumwondolei mtoto kazi ya kumtunza mzazi?

Katika familia nyingi za Nairobi, mzazi anapoanza kushindwa kwenda msalani bila kushikwa mkono, ndugu hugawanyika mara moja. Wengine husema kwamba kumlipa mtu wa nje amwoshe mama ni kumtupa, kwa kuwa aliyebebwa mgongoni ndiye anayepaswa kuinama leo. Wengine husema kwamba kila mtu ana kazi, foleni ya Barabara ya Thika inajulikana, na ikiwa kila mmoja atachanga kidogo kwa M-Pesa, atapatikana mhudumu mzuri na jambo hilo litakuwa limekwisha. Pande hizi mbili hugombana kwa uchungu, ilhali zinaamini jambo lile lile: kwamba utunzaji ni mzigo wa kiasi maalumu unaotoka mkononi mwa mtoto na kuingia mkononi mwa mwajiriwa, kiasi kwamba anachokibeba huyu, yule amekitua. Imani hiyo ndiyo yenye kosa, na inafaa kosa lake lielezwe kwa urefu kwa sababu linawaumiza watoto, wazazi na wahudumu kwa pamoja.

Wataalamu wa mambo ya uzee wameipima imani hii kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka 1979 mwanasosholojia wa Marekani Ethel Shanas alieleza, kwa ushahidi uliokusanywa kwa miaka mingi, kwamba wazee wa nchi yake hawakuwa wametelekezwa na watoto wao kama ilivyosemwa kila mahali, akalalamika kwamba dhana hiyo inafanana na lile joka la ngano za Wagiriki ambalo likikatwa kichwa huota kingine. Kisha kati ya 1982 na 1985 serikali ya Marekani ikaendesha jaribio kubwa katika maeneo 10, lililoitwa Channeling, ambamo wazee dhaifu waligawanywa kwa kubahatisha: baadhi wakaongezewa huduma za kulipiwa nyumbani, na wengine wakaachwa na zile zilizokuwako. Hofu ya wengi ilikuwa kwamba watoto wangekaa kando mara tu mwajiriwa alipoingia mlangoni. Hawakukaa kando, kwa maana msaada wa familia ulipungua kidogo tu. Mwaka 2005 watafiti waliolinganisha Norwei, Uingereza, Ujerumani, Uhispania na Israeli wakasema jambo linalokaribiana na hilo, kwamba huduma za umma zinapokuwa nyingi mzee hupata msaada zaidi kwa jumla, na familia haijiondoi.

Hata hivyo, matokeo hayo hayawezi kuhamishiwa Nairobi yakiwa mazima. Katika nchi hizo sehemu kubwa ya gharama hubebwa na serikali au bima. Nchini Kenya, Ibara ya 57 ya Katiba ya 2010 inampa mzee haki ya kupata matunzo na msaada unaofaa kutoka kwa familia yake na kutoka kwa Serikali, lakini mchango wa Serikali unaomfikia mzee mkononi ni shilingi 2,000 kwa mwezi za mpango wa Inua Jamii, kwa waliofikisha miaka 70. Kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani jijini Nairobi, kwa amri iliyoanza kutumika Novemba 2024, ni shilingi 16,113.75. Pesa ya mzee, basi, ni kama sehemu moja ya nane ya mshahara wa mtu mmoja wa kumtunza, na kinachopungua hutoka mifukoni mwa watoto. Pia jiji lenyewe lilipangwa na wakoloni kwa ajili ya vibarua wanaume ambao wazee wao walibaki mashambani, kwa hiyo kuzeeka katika nyumba ya ghorofa yenye ngazi ni jambo jipya kwa familia nyingi. Kinachoweza kuhamishwa ni maelezo ya kwa nini mambo huwa hivyo, kwa sababu mwili wa mzee wa mtaa wa Umoja huchoka kwa namna ile ile unavyochoka mwili wa mzee wa Oslo.

Tuanze na saa. Wiki ina saa 168. Amri ya jumla ya mishahara ya Kenya huweka wiki ya kawaida ya kazi isiyozidi saa 52 katika siku 6, na Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwajiriwa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku 7, pamoja na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Familia inayomwajiri mtu mmoja kwa kufuata sheria imenunua saa 52, na saa 116 zimebaki bila mwenyewe. Wakiajiriwa watu 3 kwa kima cha chini, mshahara unafika shilingi 48,341.25 kwa mwezi kabla ya posho ya nyumba na michango ya lazima, na bado wiki inapungukiwa na saa 12.

Uzito wa saa hizo huonekana vizuri zaidi katika kazi ya kumgeuza mgonjwa. Mtu asiyeweza kujigeuza kitandani hukandamiza nyama yake mwenyewe kati ya mfupa na godoro, hasa kwenye visigino, nyonga na mwisho wa uti wa mgongo. Mishipa midogo ya damu hubanwa, sehemu hiyo hukosa oksijeni, na ikiachwa hivyo kwa saa kadhaa nyama huweza kuanza kufa kutoka ndani kabla ya ngozi kuchanika. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa onyo hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo anayemtunza hutafuta mahali palipokolea rangi, penye joto, au pagumu kuliko sehemu za kando yake. Kwa sababu hiyo wauguzi hufundisha kwamba mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa 2 hivi, ingawa muda halisi hutegemea aina ya godoro na hali ya ngozi. Hiyo ni mara 12 kwa siku moja. Mhudumu anayefika saa 2 asubuhi na kuondoka saa 11 jioni atamgeuza mara 4 au 5. Mara 7 au 8 zilizobaki ni za mtu mwingine, ambaye kwa kawaida ni binti, au mke wa mtoto wa kiume, anayelala chumba cha pili na kutarajiwa kazini asubuhi. Kidonda kikitokea, lawama humwangukia mhudumu wa mchana, hata kama kilianza usiku.

Familia nyingi hulitatua jambo hili kwa kumwajiri mtu anayelala hapo hapo nyumbani, mara nyingi kwa mshahara wa mtu mmoja. Saa 116 zinakuwa zimetoka katika usingizi wake, katika Jumapili zake na katika likizo ambayo hakuna aliyeitaja siku ya kuajiriwa. Ninaiona hiyo kuwa dhuluma, hata pale inapotendwa na watu wema walio na shida ya kweli, na haidumu: mwanamke aliyeamka mara 4 usiku kwa miezi mfululizo hupoteza subira, huugua, au huondoka bila kuaga, na watoto hulazimika kuanza upya na mtu asiyejua lolote kuhusu baba yao.

Lakini tuseme fedha zipo, na watu wa zamu zote wamepatikana. Kwa nini kazi bado inamfuata mtoto? Mwaka 1985 mwanasosholojia Eugene Litwak alieleza kwamba kazi za kumtunza mzee ni za aina mbili: zile zinazoweza kutabirika, ambazo mtu aliyefunzwa huzifanya vizuri kwa ratiba, na zile zisizotabirika, ambazo humtaka mtu anayemjua mzee na mwenye mamlaka ya kuamua kwa niaba yake. Mkazi wa Nairobi aliyewahi kujenga nyumba kijijini kwa kutuma pesa anaijua tofauti hiyo. Fundi amelipwa, naye anaijua kazi yake, lakini hawezi kuamua dirisha la jikoni liwe na upana gani, hawezi kununua saruji kwa pesa zake ikiisha katikati ya ukuta, wala hawezi kumaliza ugomvi na jirani kuhusu mpaka. Maswali hayo humrudia mwenye nyumba kwa simu, na mengi yake hayangeweza kuandikwa katika mkataba, kwa kuwa yalizaliwa na ujenzi wenyewe. Kadiri fundi anavyokuwa hodari na kazi inavyokwenda kasi, ndivyo simu zinavyokuwa nyingi, na asiyezipokea hukuta chumba ambacho hakukitaka.

Ndivyo ilivyo katika utunzaji. Kumwogesha mzee, kumpikia uji, kubadilisha nepi na kumpa dawa zilizokwisha kupangwa ni kazi za mhudumu, na mhudumu hodari huzifanya vizuri kuliko mtoto. Lakini mama amekataa dawa ya presha akisema ni sumu. Homa imepanda usiku wa manane na haijulikani kama aitwe daktari au angojewe hadi kuche. Baba hataki kuvuliwa nguo na mwanamke aliye na umri wa mjukuu wake. Mhudumu mzuri ndiye anayeyaona mambo hayo mapema na kupiga simu, kwa hiyo kumpata kunamwongezea mtoto kazi ya aina fulani. Kuna na jambo la sheria: Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa akubali matibabu kwa kuelewa, na asipoweza, kama hakumteua mtu kwa maandishi wala hakuna aliyeidhinishwa na sheria au mahakama, ridhaa hutolewa na ndugu wa karibu. Mwajiriwa hawezi kutia sahihi hiyo.

Ni haki kusema pia kwamba fedha huondoa kitu. Katika nchi za kaskazini mwa Ulaya, ambako huduma za kulipiwa na serikali ni nyingi, watoto wengi zaidi huwasaidia wazazi kwa kazi ndogondogo, ilhali utunzaji mzito wa kila siku mikononi mwa watoto huonekana zaidi Italia na Uhispania. Uchambuzi wa takwimu za Ulaya uliochapishwa mwaka 2009 na mchumi Eric Bonsang ulionyesha kwamba mtoto na mwajiriwa huweza kuchukua nafasi ya mwenzake katika kazi za nyumbani zisizohitaji ujuzi, lakini kadiri ulemavu wa mzee unavyozidi, uwezekano huo hufifia mpaka ukapotea. Matokeo haya ndiyo yanayonivutia zaidi, kwa sababu yanapingana na matarajio ya kawaida: familia huanza kuajiri hali inapokuwa nzito, yaani wakati ule ule ambapo fedha zina uwezo mdogo wa kushika nafasi ya mtoto.

Karibu na kifo jambo hilo huwa dhahiri. Nairobi Hospice, kituo cha kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, kilichoanzishwa mwaka 1990 katika uwanja wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, huwafundisha jamaa wa mgonjwa kumtunza nyumbani, na kuna sababu ya kufanya hivyo. Mofini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu, kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa 4, usiku na mchana, na lazima iambatane na dawa ya kulainisha choo. Mtu wa nyumbani ndiye anayeona kwamba maumivu yamerudi kabla ya saa kufika. Mgonjwa pia huacha kula. Mwili unaoelekea kufa hupoteza njaa na uwezo wa kukitumia chakula, kumeza huwa kugumu, na uji unaolazimishwa huweza kuingia mapafuni. Ndugu anayewasili kutoka mbali na kumkuta mama amekonda humshuku mhudumu kwamba amemnyima chakula, na mhudumu aliyekuwa akimlowanisha midomo kwa pamba kila saa hana neno la kujitetea linaloweza kuaminiwa. Ni mtoto aliyekuwapo siku zote anayeweza kumjibu ndugu huyo, na asipokuwapo mtoto kama huyo, mhudumu hulazimika kumlisha mgonjwa kwa nguvu ili kuilinda kazi yake.

Mhudumu naye ana mama. Mwaka 2000 mwanasosholojia Arlie Hochschild aliandika kuhusu mnyororo wa utunzaji unaozunguka dunia, ambamo mwanamke hulipwa kuwatunza watu wa mbali huku watu wake mwenyewe wakiachiwa mwanamke mwingine kwa malipo madogo zaidi au bila malipo. Mnyororo huo una viungo vyake Nairobi: anayemgeuza mzee wa Lang'ata ametoka Busia au Kitui, na mama yake anatunzwa na dada asiyelipwa chochote. Simu inapotoka kwao usiku, familia mbili hupungukiwa kwa pamoja.

Kwa ndugu wanaopanga, swali lenye manufaa ni nani anazishika zile saa 116, nani anapokea simu ya usiku wa manane, na nani atatia sahihi hospitalini, kwa kuwa anayetuma pesa nyingi zaidi mara nyingi si yeye anayeyafanya hayo, na aliye karibu huishia kuyabeba bila mtu kumteua. Majibu yaandikwe kabla ya mhudumu kufika, na ndani yake ziwekwe siku zake za mapumziko na jina la atakayeshika nafasi yake. Yaandikwe pia yatakayofuata kifo. Chini ya Sheria ya Ajira, anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya maandishi ya siku 28 au malipo badala yake, pamoja na malipo ya likizo aliyoilimbikiza bila kuichukua, na kiasi hicho kinapaswa kuwa katika hesabu za familia kabla kamati ya mazishi haijaanza kukusanya michango, kwa sababu katika wiki hiyo hakuna mtu mwingine atakayekumbuka kumlipa.