Je, wajua kwa nini hifadhidata huzorota ghafla?

Hifadhidata inaweza kukua miaka miwili bila mtu kulalamika, kisha ndani ya wiki moja ripoti iliyokuwa ikitoka papo hapo ikaanza kuchukua dakika nzima. Data imeongezeka kidogo tu. Mbona kasi imeporomoka hivyo?

Mara nyingi chanzo ni RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta. PostgreSQL, programu ya hifadhidata, husoma data kwa kurasa (vipande) za kilobaiti 8, nayo InnoDB, sehemu inayohifadhi data ya programu nyingine iitwayo MySQL, kwa kurasa za kilobaiti 16. Kurasa zinazotumika mara kwa mara hubaki kwenye RAM, na maadamu zote zinaenea humo, diski haisomwi sana. Zikizidi nafasi, seva hutupa ukurasa mmoja ili kuingiza mwingine, na punde tu inauhitaji uleule iliyoutupa.

Kuufikia ukurasa ulio kwenye RAM huchukua takriban nanosekunde 100, SSD ya NVMe (diski ya kasi isiyozunguka) mikrosekunde 100 hivi, na diski ya kuzunguka karibu milisekunde 10. Kama RAM ingechukua sekunde moja, SSD ingechukua dakika kama 17, na diski ya kuzunguka zaidi ya siku nzima! Sasa chukua ombi linalohitaji kurasa 1,000. Zote zikiwa kwenye RAM, kuzifikia ni sehemu ya kumi ya milisekunde. Zikikosekana 10 tu, zikasomwa mojamoja kutoka diski ya kuzunguka, tayari ni milisekunde 100. Upungufu wa asilimia 1 umerefusha kazi mara elfu.

Hata hivyo, usikimbilie dukani kabla ya kupima. Kwenye PostgreSQL, angalia pg_stat_database, jedwali la takwimu zake: blks_hit ni kurasa zilizokutwa kwenye akiba yake, blks_read ni zile ilizolazimika kuziomba kwa mfumo endeshi. Huenda baadhi ya hizo za pili nazo zilikuwa kwenye RAM, chini ya mfumo endeshi wenyewe, kwa hiyo isome namba hiyo sambamba na iostat, zana inayoonyesha kazi ya diski. Diski zikiwa na kazi ya kusoma muda wote, ongeza RAM. Zikiwa zimetulia huku prosesa ikifika asilimia 100, RAM haitakufaa kitu. Tena jaribu kwanza EXPLAIN ANALYZE, amri inayoonyesha jinsi ombi linavyotekelezwa: ukiona Seq Scan (kusoma jedwali zima) kwenye jedwali la mamilioni ya safu mlalo ili kupata safu mlalo tatu, unachokosa ni faharasa (index), na hiyo haiuzwi dukani.

Uandishi una kanuni zake. Muamala wa malipo hauthibitishwi mpaka rekodi (logi) yake iandikwe kwenye diski, hata uwe na RAM kiasi gani. RAID ni njia ya kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi pamoja. RAID 5 hugeuza uandishi mdogo mmoja kuwa kazi nne za diski: kusoma mbili, kuandika mbili. RAID 10 huandika mara mbili tu, ndiyo maana mimi huichagua kwa hifadhidata ingawa inakula nusu ya nafasi. Na kwetu umeme unakokatika bila taarifa, nunua SSD za seva zenye kapasita (vihifadhi vidogo vya umeme), zinazoweza kumalizia kuandika data iliyokwishapokelewa. Hapo usibane matumizi kabisa.

Baada ya hapo piga hesabu ya miaka mitatu. Hifadhidata ya GB 200 inayoongezeka GB 8 kwa mwezi itafika GB 488, bila nakala rudufu wala nafasi ya kujenga upya faharasa. RAM haihitaji kutosha data yote, inatosha ikienea sehemu inayotumika kila siku, mathalani miamala ya miezi ya karibuni. Acha nafasi tupu za RAM kwenye ubao mama, kwa mpangilio unaokubaliwa na mwongozo wa seva, ili baadaye uongeze vipande bila kuvitupa vya mwanzo.

Ukinunua seva mpya, ya zamani usiiuze. Ikiwa na toleo kuu lilelile la PostgreSQL na diski za kutosha, inaweza kupokea nakala ya kila badiliko na kubeba ripoti nzito za mwisho wa mwezi, huku seva mpya ikiendelea kuhudumia wateja.