Tabaka jembamba, platinamu nyingi

Miamba ya Bushveld, Afrika Kusini, imepangana matabaka kwa unene wa kilomita 7 hadi 9. Ukiacha upande wa kaskazini, ambako mbale (mwamba wenye madini ya kuchimbwa) ni nene zaidi, platinamu yake inachimbwa hasa katika matabaka mawili, Merensky na UG2 (hili la pili ni la kromiti, madini ya kromiamu), yenye unene wa takriban mita moja tu. Humo kila tani ya mwamba ina gramu chache tu za platinamu.

Wengi tulifundishwa kwamba magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ikipoa taratibu, fuwele nzito huzama na kujipanga chini: olivini na kromiti kwanza, halafu piroksini, halafu plajioklezi. Si uongo, ila kuzama huko hakutoshi. Kwa kawaida kromiti huganda kidogokidogo sambamba na olivini, kwa hiyo kuzama peke yake hakuwezi kuzaa tabaka la kromiti tupu. Mwaka 1977 mwanajiolojia Irvine alipendekeza kwamba magma mpya ikiingia na kuchanganyika na ile iliyokwisha kupoa kiasi, mchanganyiko huo huweza kugandisha kromiti peke yake kwa muda. Wapo wanaoona chanzo ni badiliko la shinikizo. Mimi naegemea kwa Irvine, ingawa ubishi haujaisha.

Platinamu ina njia nyingine. Salfa iliyoyeyuka ikizidi kiasi ambacho magma inaweza kubeba, hujitenga kuwa matone ya salfaidi (mchanganyiko wa salfa na metali), kama mafuta yanavyojitenga na maji. Platinamu na paladiamu, metali ndugu yake, huyakimbilia matone hayo, zikipendelea salfaidi makumi ya maelfu ya mara kuliko magma, pengine zaidi. Lakini tone lililotulia hunyonya magma iliyo jirani tu. Linalosukwasukwa hukutana na magma mpya kila mara, na hapo ndipo utajiri unapotoka. Wanajiolojia Campbell na Naldrett walilionyesha hilo mwaka 1979 kwa uwiano wa magma kwa salfaidi.

Ndiyo maana salfaidi nyingi si lazima iwe habari njema kwa anayetafuta platinamu. Kabanga, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, miamba ni ya jamii hiyohiyo, lakini magma ilichota salfa kutoka miamba ya mashapo iliyoizunguka. Salfaidi ikawa tele, kila tone likapata mgawo mdogo. Matokeo yake ni mbale ya nikeli iliyo nzuri kweli, yenye platinamu haba.

Kwenye sampuli za kuchoronga, mimi huanza na uwiano wa shaba kwa paladiamu kabla hata ya kuangalia kiwango cha platinamu. Shaba nayo hupenda salfaidi, ila paladiamu huipenda zaidi mno. Chini ya tabaka lenye mbale uwiano huwa wa kawaida, ndani yake hushuka, na juu yake huruka ghafla kwa sababu paladiamu imekwisha kunyonywa. Ukiona mruko huo na maabara haijaripoti platinamu yoyote, huenda sampuli zilikatwa ndefu mno, tabaka jembamba likafifia ndani yake. Rudi chini kidogo ya mruko, ukate vipande vifupi, upime upya.