Mnaotafuta "mbegu ya kisasa" ya Wabedui, hebu kaeni hapa kidogo

Jana tena. Jamaa kanipigia, anaandika andiko la mradi wa Wabedui, wafugaji wa Badia, ile nyika kavu kule Jordan, anataka nimtajie "mbegu ya kisasa" maana eti wamebaki maskini kwa kung'ang'ania kondoo wa kienyeji. Huyo ni wa nne mwaka huu jamani.

Kondoo wao ni Awassi. Mkia wake ni ghala, mafuta anayoweka majani yakiwepo ndo anayaishi kiangazi akiwa anatafuna mabua makavu, na sehemu kubwa ya Badia haifikishi hata milimita 200 za mvua kwa mwaka. Mlete huyo kondoo wa kisasa wa Ulaya, tukutane Agosti. Awassi waliochaguliwa kwa maziwa mengi wapo pia, siwakatai, ila yale maziwa yanatoka kwenye gunia la shayiri, na ruzuku ya shayiri iliposhushwa miaka ya 1990 wengi waliuza mifugo ili walishe iliyobaki.

Pesa inapotelea wapi sasa? Kwa jike anayekula mwaka mzima halafu hazai, au anazaa kitoto hakifiki wiki. Kabla ya kupandisha, mshike. Usimtazame, MSHIKE, sufu inadanganya hata sisi wataalamu, kwa mbali unaona kondoo kanona kumbe ni koti tu. Weka vidole kiunoni, nyuma ya mbavu ya mwisho. Ukikuta mifupa imechongoka kama meno ya kitana, huyo ni alama 1 au 2 kati ya 5 za unene, hata umletee dume la dhahabu hakusaidii. Mtafute wa alama 3. Shayiri kidogo wiki mbili tatu kabla ya dume kuingia, unaongeza polepole, ukimwaga yote siku moja tumbo linachacha unazika. Dume linaingia kiangazi, miezi mitano baadaye unapokea wana.

Nakiri hapa pananisumbua. Shayiri ile inaleta mapacha, na mvua ikigoma mama ana maziwa ya mmoja tu. Kuna mwaka nimeangalia wale wadogo wanakufa nikajiuliza nimemsaidia nani.

Brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba unaoambukiza hata watu, nisiimalize leo. Chanjo ya Rev.1 ni tone la jichoni, usimpe mwenye mimba ataitupa, na ile jibini ya maziwa mabichi acheni kunisifia utamu wake.

Kuna bibi mmoja, Hajja, tulipapasa kundi lake zima asubuhi moja. Tukafika kwa jike mmoja mnene, mgongo kama godoro.
"Huyu hajazaa tangu mwaka juzi."
"Na kula?"
"Anawashinda wote."
"Sasa Hajja, si umuuze?"
"Mwanangu, huyo ni mahari ya kijana wangu. Nikimuuza leo hela italiwa, akiwa na miguu minne haliwi."

Kwenye fomu yangu nilishaandika "tasa, auzwe". Nikafuta. Maana hesabu yangu ilikuwa ya maziwa na wana, yake ilikuwa ya benki, na benki ya karibu haiko karibu hata kidogo.

Mwaka uliofuata nikamkuta palepale. Kijana hajaoa, kondoo hajazaa, ila mkia huo, wacha tu.