Je, wajua kwa nini kifusi cha mgodi wa makaa ya mawe huanza kujengwa kwa mtaro?

Makaa ya mawe yanayoshushwa kwenye viwanda vya saruji vya Dar es Salaam hutoka mbali. Yale ya Ruvuma husafiri zaidi ya kilomita 900. Kinachofika mjini ni makaa tu. Mawe, udongo na vumbi jeusi visivyo na bei vimebaki kulekule mgodini, vimerundikwa kilima kizima. Kilima hicho kisipojengewa mitaro kinaweza kutoa maji mabaya kwa miongo kadhaa baada ya mgodi kufungwa.

Sababu imo ndani ya mawe yenyewe. Miamba inayoandamana na makaa mara nyingi ina pairaiti, madini ya chuma na salfa yanayometa kama dhahabu. Chini ya ardhi yametulia kwa kuwa hayapati hewa. Yakichimbuliwa yakakutana na oksijeni na maji ya mvua, hutengeneza tindikali ya salfa, na wapo bakteria wanaoishi kwa chuma ambao huikoleza kazi hiyo. Tindikali nayo huyeyusha chuma, manganizi na alumini kutoka kwenye mawe. Maji hayo yakitokea kijitoni, chuma huganda na kuacha tope la rangi ya chungwa juu ya kila jiwe.

Kwa hiyo mawe hupimwa kabla ya kurundikwa. Kila asilimia 1 ya salfa ya pairaiti katika tani moja ya mawe huhitaji kilo 31.25 za chokaa kuizima. Mawe yenye asilimia 2 ya salfa na kilo 20 tu za chokaa ya asili kwa tani yatachachuka. Swali ni lini.

Hatari ya pili ni kuporomoka. Huko Aberfan, Wales, tarehe 21 Oktoba 1966, lundo la taka za makaa lililokuwa limekalia chemchemi lilishiba maji, likateremka na kufunika shule. Walikufa watu 144, kati yao watoto 116. Anayepaswa kutangulia kwenye eneo basi ni mpimaji, si lori la kifusi. Alitembee lote wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, atie alama kila mahali panapochuruzika maji.

Kazi kubwa kuliko zote ni kuzuia maji safi yasiguse lundo. Hilo hufanywa na mtaro wa kukinga, unaochimbwa upande wa juu. Chukua mfano wa mteremko wa hekta 10, mvua kali ya milimita 90 kwa saa, na asilimia 60 ya maji ikitiririka bila kunywewa na ardhi. Hiyo ni mita za ujazo 1.5 kwa sekunde. Mtaro wenye kitako cha mita 1, kuta zilizolala mita 1.5 kwa kila mita 1 ya kimo, mteremko wa asilimia 1 na sakafu ya mawe, utayapitisha maji hayo yakiwa na kina kisichozidi sentimita 60. Ongeza sentimita 30 za akiba, chimba 90. Aliyeliona bonde la Jangwani, Dar es Salaam, likifurika wakati wa masika anajua kwa nini akiba hiyo haiguswi ili kubana gharama. Mtaro hujaa mchanga na majani, na huu ukifurika, unafurikia kwenye lundo.

Chemchemi iliyo chini ya lundo haizibwi, hutolewa nje kwa dreni: mfereji uliojazwa mawe magumu na kuzungushiwa kitambaa cha kuchuja. Hapa makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kutumia mawe ya mgodi yenyewe, ambayo mengi ni udongo wa kale ulioganda. Yakilowa na kukauka mara chache hurudi kuwa tope. La pili ni kutumia mawe ya chokaa kwa nia njema ya kuzima tindikali. Chuma huyavika ganda, halafu huziba nafasi zilizo kati yake, na dreni iliyoziba chini ya mita 30 za kifusi haifukuliki.

Kifusi chenyewe humwagwa kwa matabaka ya sentimita 30 hadi 60 na kushindiliwa kwa rola. Kukimwaga kutoka ukingoni ni rahisi, lakini mawe makubwa hubingirika hadi chini na kuacha matundu, lundo likavuta hewa kama jiko. Kila mita 10 za kimo huachwa ngazi inayoinamia ndani. Maji yaliyokwisha kugusa lundo hupelekwa kwenye bwawa la kutulizia tope, wala hayachanganywi na yale ya mtaro wa kukinga.

Visima vya uchunguzi huchimbwa mapema, kimoja upande wa juu na angalau viwili upande wa chini, vipimwe mwaka mzima kabla ya kifusi cha kwanza. Bila vipimo hivyo hakuna awezaye kuthibitisha kilichobadilika. Bomba la milimita 50 hubeba takriban lita 2 kwa kila mita. Kisima chenye mita 10 za maji kina lita 20, na desturi ni kutoa mara tatu ya ujazo huo, yaani ndoo tatu kubwa, ndipo sampuli ichukuliwe.

Pima pH (kipimo cha tindikali: 7 ni katikati, chini yake ni tindikali) na upitishaji umeme wa maji, unaopanda kadiri chumvi zilizoyeyuka zinavyoongezeka, palepale kisimani. Sampuli ya madini huchujwa kwa kichujio cha mikroni 0.45 na kutiwa asidi ya naitriki hadi pH ishuke chini ya 2. Usipofanya hivyo, chupa iliyoondoka mgodini ikiwa angavu kama maji ya kunywa itafika maabara Dar es Salaam ina chengachenga za chungwa kitakoni. Chuma kimeshaganda, na kikipimwa kilichobaki ndani ya maji, cheti kitaonyesha kidogo kuliko ukweli. Sampuli ya salfeti, yaani chumvi inayotokana na tindikali ya salfa, huwekwa kwenye chupa yake, bila asidi, na zote husafiri kwenye barafu.

Wengi huikodolea macho pH peke yake, nayo huchelewa kusema. Chokaa iliyomo kwenye mawe huendelea kuizima tindikali kimyakimya, pH ikabaki 7, huku salfeti ikipanda mwezi baada ya mwezi. Salfeti na upitishaji umeme vikipanda kwenye visima vya chini na kile cha juu kikatulia, pairaiti imeshaanza kazi. Huo ndio wakati wa kufunika kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, kabla chokaa haijaisha.

Kwenye mdomo wa dreni weka kizuio cha kupimia maji yanayotoka, chenye mkato wa V wa nyuzi 90 na rula pembeni. Maji yakisimama sentimita 5 juu ya ncha ya mkato, yanapita karibu lita 0.8 kwa sekunde. Sentimita 10, lita 4.4. Maji yakitoka na tope, dreni inakula lundo kwa ndani. Yakipungua ghafla katikati ya mvua, usishangilie: nenda kwenye mabomba ya kupimia kina cha maji ndani ya lundo. Kina kikiwa kinapanda, dreni imeziba. Simamisha malori, ondoa watu walio chini ya mteremko, na umwite mhandisi siku hiyohiyo.