Umeshafanya kazi na wagonjwa? Bado kuna sababu ya kumfuata daktari

Kila msimu wa maombi ya vyuo vya udaktari nchini Marekani, sisi washauri wa waombaji huulizwa swali lilelile: “Nimekuwa muuguzi miaka yote hii, kwa nini sasa niende kumfuata daktari, nikisimama nyuma yake nikitazama tu?” Swali ni la haki. Mtu anayetoka zamu ya usiku asubuhi hii hana hamu ya kwenda kusimama pembeni ya chumba cha daktari, tena bila malipo.

Kamati ya udahili haina shaka kwamba umeshaona wagonjwa. Kazi yako imeshalijibu hilo. Inachotaka kujua ni kama unaifahamu kazi unayoiomba, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Tumtazame mhudumu wa ambulensi. Anamfikisha kitengo cha dharura mgonjwa mwenye maumivu ya kifua, anakabidhi taarifa, anasaini, anarudi garini. Mengi yanayofuata hayaoni: kwa nini daktari aliagiza kipimo cha damu cha troponini, protini inayoonyesha kama moyo umeumia, kirudiwe saa chache baadaye ilhali cha kwanza kilikuwa sawa, kwa nini alikataa kumruhusu aende nyumbani, na aliielezaje familia yenye wasiwasi. Muuguzi wa wodini yuko karibu zaidi, lakini naye mara nyingi hukutana na uamuzi ukiwa umeshakuwa agizo kwenye kompyuta. Ukimfuata daktari unaliona agizo kabla halijaandikwa, pamoja na kusitasita kwake.

Utaona pia yasiyovutia: simu ya kubembeleza kampuni ya bima iidhinishe dawa, na rekodi zinazojazwa baada ya mgonjwa wa mwisho kuondoka. Waombaji wengi hukimbilia chumba cha upasuaji. Mimi naona jioni moja ya makaratasi ina mengi zaidi ya kukufundisha, maana ndiyo inayowachosha madaktari wengi.

Makarani wa kitabibu, wale wanaoandika maelezo wakati daktari anazungumza na mgonjwa, wana nafuu. Kazi yao yenyewe iko karibu sana na kumfuata daktari, na kamati nyingi zinalijua hilo. Hata hivyo, saa zilezile zisiandikwe mara mbili, mara kama kazi, mara kama kufuatana na daktari. Msomaji mzoefu wa fomu huligundua haraka, na baada ya hapo ataitilia shaka fomu nzima.

Je, saa ngapi zinatosha? Hakuna idadi moja kwa nchi nzima. Baadhi ya vyuo hutaja kiwango chao, vingine havitaji, kwa hiyo soma masharti ya kila chuo unachokiomba. Kwa mwenye uzoefu wa kazi, ushauri wangu ni saa 40 hivi kwa madaktari wawili au watatu, mmoja wao wa huduma ya msingi, na ikiwezekana nje ya idara unayofanyia kazi. Ukiomba vyuo vya osteopathia, tawi la udaktari wa Marekani lenye shahada yake ya D.O., kupitia AACOMAS, mfumo wao wa pamoja wa maombi, tafuta daktari mwenye shahada hiyo; baadhi ya vyuo hivyo hutaka au hupendelea barua kutoka kwake.

Kumpata daktari kwako ni rahisi kuliko kwa wengine, kwani unaofanya nao kazi wanakufahamu. Waombe ana kwa ana, kisha upitie ofisi inayohusika hospitalini. Huenda ukatakiwa kuonyesha chanjo, kupimwa kifua kikuu na kusaini fomu ya usiri chini ya HIPAA, sheria ya mwaka 1996 inayolinda taarifa za wagonjwa, hata kama ulishasaini nyingine kwa mwajiri wako.

Hapa ndipo wenye leseni huteleza. Siku hiyo wewe ni mtazamaji. Dripu ikilia usiiguse, mwite muuguzi wa zamu. Hujaajiriwa kwa saa hizo. Usifungue faili la mgonjwa kwa nywila yako ya kazini. Mgonjwa akisema hataki mtu wa ziada chumbani, toka mara moja bila kununa. Na daftari lako lisibebe jina wala tarehe ya kuzaliwa ya mgonjwa yeyote.

Fomu ya AMCAS, mfumo wa maombi wa vyuo vingi vya shahada ya M.D., ina nafasi 15 za shughuli, kila moja herufi 700 pamoja na nafasi za kati, na kufuatana na daktari kuna kundi lake. Madaktari wote unaweza kuwaweka kwenye ingizo moja. Usimalize herufi hizo kwa kutaja magonjwa uliyoyaona. Eleza uamuzi mmoja uliokushangaza na jinsi ulivyotofautiana na ulichozoea kazini. Andika tarehe, saa na mawasiliano ya kila daktari siku hiyohiyo, kwa sababu fomu itakudai mtu wa kuthibitisha, na madaktari huhama hospitali.