Chombo cha habari kikiegemea chama: malalamiko yapelekwe wapi nchini Marekani

Kila uchaguzi wa Marekani unapokaribia, dawati letu la sheria za habari hupokea barua nyingi kutoka kwa wasomaji waishio huko, wakitaka Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo, yaani FCC, ikifungie kituo fulani cha televisheni au imwadhibu mwanablogu fulani kwa kukipendelea chama. Nia yao ni njema, lakini sehemu kubwa ya malalamiko hayo yanapelekwa pasipo na mamlaka ya kuyashughulikia.

Wengi hutaja kanuni ya usawa wa maoni, ambayo tangu 1949 ilivitaka vituo vyenye leseni kujadili masuala yenye utata na kuzipa nafasi hoja zinazopingana. Mahakama ya Juu iliikubali mwaka 1969, kisha tume yenyewe ikaacha kuitekeleza mwaka 1987. Tumekwisha kulieleza hili mara nyingi: kanuni hiyo haipo tena, na blogu haihitaji leseni ya FCC. Zaidi ya hayo, kifungu cha 326 cha Sheria ya Mawasiliano ya 1934 kinaikataza tume kudhibiti yanayosemwa hewani.

Kilichobaki ni kifungu cha 315 cha sheria hiyohiyo. Kituo cha redio au televisheni kikimruhusu mgombea kutumia muda wake wa hewani, wagombea wenzake wa nafasi hiyo wanastahili fursa sawa, mradi waiombe kituoni ndani ya siku 7. Anayeomba ni mgombea au mwakilishi wake, si mtazamaji aliyekasirika. Taarifa za habari, mahojiano ya kihabari na matukio yanayorushwa moja kwa moja viliondolewa katika sharti hilo mwaka 1959. Kituo kinachokaidi kinaweza kutozwa faini.

Mgawanyiko wa kisiasa umewafanya watu waone maoni ya upande wa pili kuwa kosa la kisheria, na kwa kweli jambo hili linatuchosha. Msomaji akituandikia kwamba kituo fulani ni adui wa taifa, hajatupa cha kufuatilia. Akitaja tarehe, maneno yaliyosemwa na mtu aliyesingiziwa, tunapata pa kuanzia. Hata hapo kizingiti cha kushinda kesi ya kuchafuliwa jina ni kirefu. Katika kesi ya New York Times dhidi ya Sullivan, kamishna wa jiji aliyelishtaki gazeti hilo, tangazo lilidai kwamba Martin Luther King alikamatwa mara 7 ilhali zilikuwa 4, lakini mwaka 1964 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kiongozi wa umma lazima athibitishe kuwa mchapishaji alijua anasema uongo, au hakujali kama ni kweli. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ilitamka kwamba wanablogu nao wanalindwa sawa na waandishi wa magazeti. Ulinzi huo una mpaka: Aprili 2023 Fox News ilikubali kuilipa Dominion, kampuni ya mashine za kura, dola milioni 787.5 ili kumaliza kesi kuhusu madai yaliyorushwa na Fox kwamba mashine hizo zilitumika kuiba kura.

Aliyechafuliwa jina ahifadhi nakala yenye tarehe mapema, kwa kuwa New York na California hutoa mwaka 1 tu wa kufungua kesi, na kwa kawaida mwaka huo huhesabiwa tangu siku chapisho lilipotoka mara ya kwanza.